Jinsi ya kusoma mchanga na jabali la pwani: mwongozo kamili, kuanzia chembe moja mpaka mwamba mzima

Sisi watu wa pwani wengi tumekulia juu ya matumbawe na hatujui. Sisemi yale ya baharini tu, nasema hata lile jabali ambalo nyumba imekaa juu yake, ukuta wa msikiti wa zamani, chokaa iliyopakwa ukutani, mchanga wanaochezea watoto, mpaka jiwe lililochimbwa kisima cha maji yenye chumvichumvi, vyote hivyo asili yake ni kitu kimoja, kalsiamu kaboneti, yaani madini ya chokaa, na karibu yote imetengenezwa na viumbe hai vilivyoichuja kwenye maji ya bahari vikajijengea mifupa, magamba na nyumba. Hili ndo jambo la kulishika mwanzo kabisa kabla hujabeba hata chupa moja. Mchanga wa mto unatoka mbali, mlima umemomonyoka huko bara na maji yakauleta, lakini mchanga wa kaboneti unazaliwa palepale ufukweni kwako, kwa hiyo wale waliouzaa wakiondoka hakuna mto utakaokuletea mwingine.

Mwongozo huu ni wa mtu yeyote, mwanafunzi, mvuvi, mwenye kiwanja, mtembeza watalii, mwalimu wa sayansi. Mifano nimechukua ya kwetu, pwani ya Kenya na Unguja zaidi, maana huku ndo jabali limejianika lenyewe.

Hatua ya 1: Siku na vifaa

Chagua bamvua, yaani siku mbili tatu baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Kwetu tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua inafika mita 3 hadi 4, na maji yanakuwa chini kabisa mnamo saa nne, saa tano asubuhi, mwanga mzuri kabisa wa kazi. Angalia jedwali la maji la sehemu yako. Toka mapema maji yakiwa bado yanatoka, yafuate yanavyorudi, halafu yakianza kujaa geuka urudi, usibishane nayo, kwenye mwamba mpana wa matumbawe yanakuzunguka kwa nyuma kabla hujastuka.

Vifaa vya kubeba: raba zenye soli ngumu (kandambili acha nyumbani), lensi ya kukuza mara 10, chupa ndogo ya siki nyeupe, msumari wa chuma, sumaku, vifuko vya plastiki, maka ya kuandikia, daftari, na futi kamba. Nyumbani uwe na mizani ndogo ile ya kupimia dhahabu au viungo.

Neno moja kuhusu asidi. Wataalamu wanatumia asidi ya haidrokloriki iliyochanganywa na maji mengi, wewe siki inakutosha. Usitumie asidi ya betri hata kidogo, kwanza itakuunguza, pili hata kazi haifanyi vizuri kwa sababu ikigusa chokaa inatengeneza ukoko wa jasi juu ya jiwe na mapovu yanakata, unabaki unadhani jiwe sio chokaa kumbe ndo lenyewe. Ndimu inatoa povu sawa ila inaacha unga mweupe wake, kwa hiyo kwenye kupima uzito itakuvuruga.

Na kabla ya kuokota chochote uliza. Ndani ya hifadhi za bahari kama Malindi, Watamu au Mafia hairuhusiwi kuondoka na kitu bila kibali, na nje ya hifadhi zipo kamati za wavuvi na wazee wa mji ambao ni adabu kuwaambia unachofanya. Tumbawe hai usilivunje popote pale. Kwa kazi hii hulihitaji hata kidogo, vilivyokufa vimejaa ufukweni.

Hatua ya 2: Chukua mchanga kwa mstari

Usichote sehemu moja. Anzia juu kabisa kwenye mchanga mkavu karibu na minazi au mivinje, halafu mstari wa maji kujaa, halafu mstari wa maji kupwa, halafu kwenye nyasi bahari, halafu nyuma ya mwamba pale wimbi linapovunjikia. Viganja viwili kila sehemu vinatosha. Andika kwenye kifuko palepale, mahali, tarehe, umbali kutoka ufukweni, chini kulikuwa na nini. Utaona mchanga unabadilika: karibu na wimbi kubwa ni vipande vikubwa vikubwa maana vumbi lote limechukuliwa, kwenye nyasi bahari ni laini zaidi kwa sababu nyasi zinatuliza maji na vumbi linapata kutua, na ukifika kwenye mikoko unakanyaga tope. Ukubwa wa chembe unakwambia nguvu ya maji, chembe yenyewe ni ya nani inakwambia nani aliishi pale. Hayo ni maswali mawili tofauti, usiyachanganye.

Hatua ya 3: Chembe hii ni ya nani?

Hapa ndo pana utamu, na hapa usiwe na haraka. Suuza mchanga kwa maji baridi yasiyo na chumvi, uanike ukauke, mwaga kidogo kwenye karatasi nyeusi, weka lensi karibu kabisa na jicho halafu inua karatasi mpaka uone vizuri.

Kipande cha tumbawe kina vitundu vingi vidogo na umbo lake halieleweki, rangi nyeupe au manjano kidogo, cha tumbawe la matawi kinakuwa kijiti chenye vishimo pembeni. Gamba la chaza au konokono ni bapa, linang'aa, upande wake unaonyesha matabaka, na mara nyingi limebaki na rangi ya zambarau au kahawia. Vijiti vyenye mistari ya zambarau au kijani ni miiba ya wale wanyama wa miiba wanaotuchoma miguu mwambani. Vinundu vizito vizito vyeupe vyenye uwaridi kwa mbali ni mwani mwekundu wa chokaa, huu ni muhimu sana kwa mwamba kwa sababu unaota kama plasta juu ya vipande vilivyolegea na kuvishikanisha pale wimbi linapopiga. Vidude vya mviringo vilivyotuna kama dengu, vinang'aa, au visahani vyenye duara ndani ya duara, hivyo ni foraminifera, kiumbe cha seli moja tu chenye nyumba yake ya chokaa.

Halafu kuna chembe ambayo watu wengi hawaitegemei. Bapa, nyeupe kabisa kama chaki, pana juu nyembamba chini, nyepesi mkononi, ukiigeuza unaona uso wote umetobolewa vitundu vidogo mno. Hii ni Halimeda, mwani wa kijani wenye vipande vya chokaa vilivyoungana kama cheni. Mwani ukifa cheni inaachana na kila pingili inakuwa chembe ya mchanga. Ghuba ya Chwaka kule Unguja imejaa Halimeda, na sehemu kubwa ya mchanga mweupe wa upande ule wa mashariki unatokana na mwani huo, sio matumbawe. Kwa hiyo mtu akikwambia mchanga mweupe ni matumbawe yaliyosagika, mwambie aweke lensi kwanza.

Na ule unaotoka kwenye matumbawe kweli, nani kausaga? Wimbi, ndio, lakini pia samaki. Pono ana meno yaliyoungana kama mdomo wa kasuku, anaguguna tumbawe lililokufa akitafuta mwani uliomo, anasaga mawe kooni, anameng'enya kinachofaa halafu anaachia mchanga. Pono mkubwa mmoja anaweza kutoa mamia ya kilo kwa mwaka. Ukipiga mbizi sehemu yenye pono wengi unasikia kabisa sauti ya kugugunwa kwa mwamba. Sponji nazo zinatoboa kwa ndani taratibu na kutoa vumbi laini. Kazi ya kubomoa na kazi ya kujenga vinaenda pamoja siku zote, mwamba mzima ni ile tofauti inayobaki.

Sasa hesabu. Chagua chembe 100 bila kubagua, zipange kwa aina, una asilimia yako mkononi. Fanya hivyo kwa kila kifuko.

Hatua ya 4: Pima kaboneti kwa siki

Mchanga mweupe sio lazima uwe chokaa, kwatzi, yaani madini magumu yasiyo ya chokaa, nayo inaweza kuwa nyeupe. Njia ya kujua ni kuyeyusha. Pima gramu 5 za mchanga mkavu kabisa, weka kwenye glasi, mimina siki ya asilimia 5 kama mililita 200. Usipunguze siki: kila gramu moja ya kalsiamu kaboneti inakula karibu mililita 24 za siki hiyo, kwa hiyo gramu 5 zinataka mililita 120 kwa uchache na unahitaji ziada. Koroga, acha usiku kucha, mwaga taratibu, weka siki mpya, subiri mpaka usione povu tena hata ukikoroga. Suuza, kausha, pima kilichobaki. Kikibaki nusu gramu, mchanga wako ulikuwa na kaboneti asilimia 90. Povu lenyewe ni gesi ya kaboni dioksidi inatoka, ileile inayotoka tanuri la chokaa linapowashwa.

Kilichobaki kiangalie kwa lensi. Kioo angavu kisichokwaruzika kwa msumari ni kwatzi ya bara. Vinavyometameta kama vipande vya karatasi ya fedha ni mika. Cheusi kizito kijaribu kwa sumaku. Ukifanya hivi Malindi karibu na mdomo wa mto Sabaki na ukafanya tena Watamu, ndo utaelewa kila kitu kwa siku moja: Malindi mchanga ni wa kahawia, unametameta kwa mika iliyotoka huko juu bara, Watamu weupe unarudi. Na ndo sababu mwamba wetu, unaofuata pwani kutoka Malindi mpaka Shimoni karibu kilomita 200, unakatika penye midomo ya mito na hori, maji baridi na tope vinalikaba tumbawe.

Jambo hili tumbawe lenyewe limeliandika. Lile tumbawe la bonge, Porites, linaongeza tabaka kila mwaka, kama sentimita 1 hivi, na ukilikata na kulipiga eksirei unaona mistari ya miaka. Watafiti walitoboa Porites la Malindi lenye miaka kama 300, wakapima bariamu, elementi iliyokuja na udongo wa mto, wakaona udongo unaongezeka ghafla mwanzoni mwa karne ya 20, wakati ardhi ya juu huko Kenya ilipoanza kufyekwa kwa mashamba ya walowezi. Yaani shamba la Ukambani na tumbawe la Malindi ni habari moja.

Hatua ya 5: Nenda kwenye jabali

Sasa geuka uangalie nchi kavu. Lile jabali la ufukweni, wenyewe Unguja wanaita ardhi yake maweni au uwanda, ni mwamba wa bahari wa zamani. Sehemu kubwa ya tunayoiona usoni ni ya kipindi cha joto cha miaka kama 125,000 iliyopita, barafu ya duniani ilipopungua na bahari ikasimama mita 6 hadi 9 juu ya ilipo leo. Ngome ya Yesu pale Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593, imesimama juu ya jabali hilo na imejengwa kwa mawe yake.

Simama mbali kwanza, chora jabali lote kabla hujagusa kitu. Tafuta mkato, lile tundu refu la kulala ambapo bahari imekula jabali kwa chini likabaki limening'inia. Mkato wa leo uko kwenye usawa wa maji kujaa. Ukiona mwingine uko juu ambapo maji hayafiki tena, umekuta alama ya bahari ya zamani, upime urefu wake kwa futi kamba. Usikae chini ya jabali lililoning'inia, yanaanguka.

Sogea karibu, mwagia maji usafishe uso, uliza maswali haya kwa mpangilio. Je matumbawe yamesimama kama yalivyoota, kitako chini na vikombe, vile vishimo alimoishi kiumbe, vinaangalia juu? Kama ndio, hapo ulikuwa mwamba wenyewe. Je yamelala, yamevunjika, mengine kichwa chini? Hapo ni kifusi kilichorushwa na mawimbi. Je hakuna tumbawe, ni mchanga ulioganda wenye matabaka ya kulala kwa mshazari, na ndani kuna vijibomba vya mizizi? Hayo ni matuta ya mchanga wa upepo, yaani bahari ilishajitenga na nchi ikawa kavu. Na mifuko ya udongo mwekundu ndani ya mashimo ya jabali inasema jambo hilohilo, mvua ilikuwa inanyesha hapo miaka na miaka.

Halafu gusa tumbawe lenyewe. Mifupa ya tumbawe, tangu likiwa hai, ni madini yanayoitwa aragonaiti, aina moja ya kalsiamu kaboneti. Maji ya mvua yakipita, aragonaiti inayeyuka na badala yake inajengeka kalsaiti, aina nyingine ya kalsiamu kaboneti iliyo imara zaidi. Ukivunja kipande kilichokwishaanguka chini ukaona vikuta vyembamba bado vipo, vyeupe, vyepesi, huenda aragonaiti imebaki. Ukiona nyuso bapa zinazometa kama vioo vidogo, imeshageuka kalsaiti. Hii ina maana kubwa, kwa sababu umri wa matumbawe haya unapimwa kwa urani na thoriamu, yaani urani inageuka thoriamu polepole miaka ikipita, tumbawe hai linanyonya urani ya maji ya bahari na thoriamu karibu hakuna, saa inaanza hapo, lakini likigeuka kalsaiti saa imevurugwa. Siki haitakutofautishia, yote mawili yanatoa povu, ni jicho lako tu.

Ukitaka kuona jabali likiwa limekatwa vizuri nenda machimbo ya zamani ya saruji Bamburi, ambayo tangu 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller aliyageuza msitu akianza na mivinje, mti uliokubali kuota juu ya chokaa tupu. Na ukitaka kuona tofauti ya mawe mawili ya ujenzi, ingia msikiti wa kale, kwa heshima yake. Kuta ni jiwe la maweni, gumu, limejaa mashimo na magamba. Lakini mihrabu na nakshi ni Porites iliyokatwa baharini ikiwa hai au mbichi, laini kiasi cha kuchongeka, ikikauka inakuwa ngumu. Maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya msikiti wa Kizimkazi kule Unguja, ya mwaka 1107, ukiyasogelea unaona vikombe vidogo vya tumbawe vimejipanga ndani ya herufi.

Hatua ya 6: Lipe jiwe jina

Mfumo unaotumika zaidi ni wa mwanajiolojia Robert Dunham wa 1962, nao ni rahisi. Swali la kwanza, je viumbe vilishikamana vikiwa hai? Kama ndio ni baundistoni, ndo mwamba wenyewe. Kama hapana, je katikati ya chembe kuna tope lililoganda? Hakuna tope, ni greinistoni, maji yalikuwa na nguvu. Kuna tope lakini chembe zinagusana, pakistoni. Chembe zinaelea ndani ya tope, wakistoni. Tope tupu chembe haifiki asilimia 10, madistoni, maji yalitulia kabisa. Kwa vipande vikubwa kuliko milimita 2 kuna nyongeza ya Embry na Klovan ya 1971, ila kwa kuanzia hizi tano zinatosha sana.

Hatua ya 7: Soma bahari ilipokuwa

Usikimbilie kusema tumbawe liko mita 5 juu basi bahari ilikuwa mita 5. Tumbawe linaishi chini ya maji, kwa hiyo bahari ilikuwa juu yake zaidi, kiasi gani inategemea aina ya tumbawe. Na ardhi yenyewe inaweza kuwa imepanda au kushuka. Linganisha sehemu kadhaa kwanza.

Upande wa pili wa habari ni miaka 20,000 iliyopita, barafu ilipokuwa nyingi na bahari ikashuka kama mita 120. Unguja ilikuwa imeungana na bara, mtu angetembea kwa miguu, lakini Pemba haikuungana maana mkondo wake ni wa kina kirefu mno. Mwamba wote ulibaki nchi kavu unanyeshewa, ndo mapango mengi yakachimbika, na mito ikakata mabonde ambayo leo yamejaa bahari tunayaita hori, Kilindini, Mtwapa, Kilifi. Bahari iliporudi matumbawe mapya yakaota juu ya jabali la zamani. Kwa hiyo mwamba hai wa leo mara nyingi ni ngozi tu juu ya mwili mkongwe.

Hatua ya 8: Kwa mwenye kiwanja

Jabali lililojaa mashimo halichuji maji. Maji ya mvua yanazama moja kwa moja na kukaa juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi, na hesabu yake ni hii: kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba chini yake kama mita 40. Geuza hesabu uone hatari, ukivuta pampu mpaka maji yakashuka sentimita 10, chumvi inaweza kupanda mita 4 kwa chini. Kwa hiyo kwenye maweni chimba kisima kifupi, vuta kidogokidogo, visima vichache vichache badala ya kimoja cha pampu kubwa, na pima chumvi kila mwezi.

Choo cha shimo hapo ni balaa. Kwenye mchanga uchafu unachujwa ukitembea, kwenye pango unafika kisimani kwa jirani ukiwa vilevile, na zile futi za umbali unazoambiwa na fundi hazina maana kama chini kuna mfereji. Jenga tangi lililozibwa. Kabla ya kujenga, gonga jabali kwa nyundo nzito kiwanja kizima, sauti ya uwazi iwekee alama, angalia kama kuna mashimo yanayopuliza hewa maji yakijaa, hayo yana njia mpaka baharini. Na usichimbe mchanga wa ufukweni kujengea, una chumvi inayokula nondo, na ulishaona kwenye hatua ya 3 nani ameutengeneza.

Vifuko vyako vya mchanga vihifadhi vikiwa vikavu, kila kimoja na karatasi yake ndani kwa sababu maka ya nje inafutika. Rudia mstari uleule wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, maana upepo ukigeuka mchanga unahama, ufukwe unaweza kupungua upande mmoja ukaongezeka upande wa pili na ukarudi tena, na bila misimu yote miwili utadhani ufukwe unaliwa kumbe unazunguka, au utadhani unazunguka kumbe kweli unaliwa.